Kushika Saa Katika Kazi ya Ushirika



Katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ni desturi katibu kusimama na kuhesabu magunia, wanachama na majengo. Hesabu hizo zimekwisha kuandikwa katika kurasa nyingine za kitabu hiki, na kila mtu aweza kuzisoma kwa nafasi yake. Sisi tumeombwa kusema juu ya jambo lisilo na ukurasa wake katika daftari la mapato na matumizi, ijapokuwa gharama yake twailipa kila msimu. Jambo lenyewe ni kushika saa.

Twajua kwamba baadhi yenu mtatabasamu. Uko mzaha ulioenea ya kuwa Mwafrika hana saa, na kwamba mkutano ulioitwa saa 3 huanza saa 5. Mzaha huo twausema wenyewe, tena kwa furaha, kana kwamba ni sifa. Kwa maoni yetu ni kashfa, wala si kweli. Hakuna mtu wa milima hii asiyeijua siku ya gulio. Hakuna mama anayemwacha ng'ombe bila kukamuliwa hadi adhuhuri akasema kwamba ndivyo tulivyozoea. Waislamu wetu hushika sala tano kwa nyakati zake, na Wakristo huitikia kengele ya kanisa. Hata hesabu ya saa za Kiswahili ni ushahidi. Twaanza kuhesabu jua linapochomoza, na kwa kuwa nchi yetu iko karibu na ikweta, mchana na usiku wetu hukaribiana kwa urefu mwaka mzima. Basi saa 1 ya asubuhi haitupotezi mwezi wa Januari wala mwezi wa Julai. Watu wa Ulaya ya kaskazini, ambao jua lao huwahi mno wakati wa kiangazi na kukawia mno wakati wa baridi, wasingeweza kuhesabu hivyo. Hatuamini kwamba watu waliojipatia hesabu safi kama hiyo walikuwa watu wasiojali wakati.

Basi ulegevu huu ulitoka wapi? Sisi twadhani kwamba sehemu yake ilitoka kwenye kengele ya bwana. Katika mashamba makubwa ya wakati wa ukoloni, hasa ya mkonge, kibarua aliamshwa kwa kengele, akasimamiwa na nyapara, na siku zake zikatiwa alama katika kipande hadi zitimie 30 ndipo alipwe. Saa ile ilikuwa mali ya mwenye shamba. Aliyeweza kuipunguza kidogo alihesabu kwamba amejirudishia kitu chake, na hatuna haja ya kumlaumu. Lakini kengele ile imekwisha kunyamaza, na desturi ya kuikwepa imebaki. Leo mwanachama anapochelewa kwenye mizani ya chama chake, au kiongozi anapochelewa mkutano wa wanachama wake, hakuna bwana anayeibiwa. Anayeibiwa ni jirani aliyeketi kwenye benchi akingoja.

Waanzilishi wa ushirika wa Rochdale, katika Uingereza, walilijua jambo hili. Wale watu 28 walipofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, hawakuweza kuliweka wazi mchana kutwa. Mwanzoni lilifunguliwa jioni za siku chache tu katika juma. Duka la namna hiyo, mwenye zamu asipofika, limefungwa. Wala hapana tajiri wa kumfukuza. Wenzake ndio watakaorudi nyumbani na vikapu vitupu.

Sasa tuje kwenye kahawa yetu, maana hapa ndipo saa inapoonekana kwa macho.

Kahawa mbivu iliyochumwa leo yataka kumenywa leo. Ikilala ndani ya gunia hupata joto, huanza kuchacha ndani ya ganda lake, na ubaya huo hauondoki kwa kuoshwa wala kwa kuanikwa. Hayo kila mkulima anayajua. Lakini liko jambo jingine ambalo pengine halijulikani sana na wale wasiofanya kazi kwenye kituo cha kumenyea, nasi twaomba mtuvumilie tulieleze kwa kirefu.

Kahawa ikishamenywa hutiwa katika hodhi ili ivundikwe, mpaka ule ute unaoizunguka mbegu ulegee na kutoka. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Mahali pa joto hupungua, na huku juu kwenye baridi huweza kupita usiku mzima na sehemu kubwa ya siku ya pili. Fundi huingiza mkono, akasugua mbegu kiganjani. Zikiteleza, bado, zikikwaruza kama changarawe, zimekuwa tayari, na hapo yapasa zioshwe mara moja. Haya basi. Wanachama hamsini wameleta kahawa yao kabla ya saa 10 jioni, ikamenywa, ikatiwa katika hodhi. Saa 2 usiku anafika mwanachama wa hamsini na moja, na magunia yake mawili. Karani afanyeje? Akimkataa, kahawa ya mtu italala na kuharibika, na sote twajua kwamba huchumwa kiasi cha kilo 6 au 7 za kahawa mbivu ili kupata kilo 1 ya kahawa safi iliyokobolewa. Ni jasho la siku nzima. Akimhurumia, akaimenya na kuitia katika hodhi lile lile, kesho fundi atasugua mbegu kiganjani na kukuta nusu zakwaruza na nusu zateleza. Akingojea zile za mwisho, zile za kwanza zitapita kiasi na kuwa chachu. Asipongoja, zile za mwisho zitatoka na ute wake. Vyovyote atakavyofanya, hodhi limekwisha kuingia dosari.

Kahawa hiyo itaanikwa pamoja, itakobolewa pamoja, na kupelekwa mnadani pamoja. Muonjaji atachukua sampuli yake, ataonja kwa kijiko, ataandika daraja. Yeye hamjui aliyefika saa 8 mchana wala aliyefika saa 2 usiku. Daraja lile ni la wote hamsini na mmoja, na bei ile ni ya wote.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusimami hapa kumsuta mkulima. Mwenye kuchuma mara nyingi ni mama mwenye watoto. Amechuma tangu asubuhi akichagua mbivu na kuacha mbichi kama alivyofundishwa. Njia ina utelezi, pikipiki haikufika, gunia limepandishwa kichwani. Kumwambia mtu huyo kwamba hajali wakati ni matusi. Saa ya kupokea iliyowekwa ofisini bila kuwauliza wachumaji imekwisha kukosea kabla siku haijaanza, na twashukuru kwamba vyama vya msingi kadha wa kadha vimeanza kuwaita akina mama kwenye kikao cha kupanga saa hizo. Tena yafaa tuseme wazi: karani aliyeandika kwamba mizani hufunguliwa saa 8 mchana, kisha akaonekana saa 10, amewafundisha wanachama somo. Kesho watafika saa 11, na hapo nani atathubutu kuwalaumu?

Wengine hujitetea kwa methali. Husema, haraka haraka haina baraka. Methali hiyo twaiheshimu, lakini tumtazame vizuri mtu anayekimbia njiani huku gunia limefungwa vibaya na kahawa yamwagika: ni yule yule aliyechelewa kuondoka. Aliyetoka mapema alipita zamani, tena polepole.

Juu ya mikutano hatutasema mengi, maana hesabu yake ni fupi. Wajumbe 40 wakimngoja mwenyekiti wao kwa saa moja, zimepotea saa 40, nazo ni sawa na siku tano za kazi za mtu mmoja mwenye kufanya saa nane kwa siku. Akidi ikikosekana, mkutano huahirishwa, na mzee aliyeshuka kutoka kitongoji cha juu hulipa nauli mara mbili. Kuna kiongozi mmoja, jina lake tuliache, aliyekuwa akisema kwamba mtu mkubwa hafiki kwanza. Sisi twaona kwamba ukubwa wa namna hiyo ni ghali mno kwa chama cha watu wanyonge.

Lakini si kila anayekosa miadi ni mzembe, pengine hakuelewa. Simu zetu nyingi huonyesha 09:00 pale mdomo unaposema saa 3. Barua ikiandikwa na mtu aliyezoea hesabu ya Kizungu, kwamba "mje saa 9:00", mmoja atafika asubuhi na mwingine atafika alasiri, na wote wawili watakuwa wameitii barua. Vivyo hivyo usiku. Kwa hesabu ya zamani ya watu wa pwani, siku huanza jua linapotua. Basi usiku wa Ijumaa ni usiku ule unaoikaribisha Ijumaa, yaani baada ya Alhamisi kuchwa, nao vijana wa leo wakisema Ijumaa usiku wana maana ya siku ya pili yake. Dawa yake ni rahisi: kila tangazo la chama liandikwe kwa saa za Kiswahili, litaje asubuhi, mchana, jioni au usiku, na litaje tarehe pamoja na jina la siku. Wino unaotumika ni kidogo kuliko nauli ya mtu mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, sasa tumefika mahali pagumu, wala hatutapakwepa. Mpaka hapa tumesema hasa juu ya saa ambayo mkulima anadaiwa na chama. Je, saa ambayo chama kinadaiwa na mkulima?

Dawa ya chulebuni hukinga tunda kabla halijapatwa na ugonjwa. Likikwisha kupatwa, haliponyi. Mbolea nayo yataka mvua ya kuiyeyusha. Pembejeo zikifika ghalani baada ya mvua kukatika, mkopo umeandikwa, riba imeanza, na mti haukupata faida yoyote. Kwa mkulima, mbolea ya namna hiyo ni deni lililofungwa ndani ya mfuko.

Na malipo ndiyo makubwa zaidi. Historia ya nchi yetu imetupa mfano. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ununuzi wa mazao ukawekwa mikononi mwa mamlaka za mazao. Miongoni mwa malalamiko makubwa ya wakulima katika miaka ile ni kwamba fedha zilichelewa kuwafikia. Sheria ya mwaka 1982 iliporudisha vyama vikuu, ilivirudisha kwa watu waliokwisha kujifunza kutoamini tarehe yoyote. Imani iliyopotea kwa njia hiyo hairudi kwa hotuba, hii yetu ikiwamo.

Tazameni biashara ile ambayo huko Kagera huitwa butura, yaani kuuza kahawa ingali maua au ingali mbichi mtini, kwa bei ndogo, kwa mtu mwenye fedha taslimu. Serikali imeikataza, nasi viongozi twaikemea kila mkutano. Lakini mnunuzi wa butura ana sifa moja ambayo hatuna budi kuikiri: hushika saa. Ada ya shule ikitakiwa Jumatatu, yeye hufika Jumapili. Mzazi hauzi kahawa yake mtini kwa kuwa hajui bei ya mnada, aijua sana. Huuza kwa sababu shule ina tarehe, hospitali ina tarehe, na malipo ya chama hayana. Maadamu hali ni hiyo, kukemea kwetu ni kelele za mlango. Chama kitakachotaja siku ya malipo na kuitimiza, hata malipo yenyewe yakiwa ya awali na madogo, kitamshinda mnunuzi huyo pasipo askari wala amri.

Twajua majibu yatakayotolewa: benki hukawia, mnada huenda ukaahirishwa, na kahawa iliyofika mnadani ikiwa imechelewa hungoja mnada unaofuata. Ni kweli yote. Ndiyo maana hatudai chama kiahidi yaliyo nje ya uwezo wake. Twadai kwamba kikiona tarehe haitatimia, mkulima aambiwe kabla ya siku hiyo, wala asiambiwe dirishani baada ya kutembea maili sita, kwamba aje kesho. Neno hilo "njoo kesho" limewahi kusemwa katika ofisi nyingi za nchi hii kwa sauti ya upole kabisa, na kila mara limegharimu siku moja ya mtu ambaye hakulipwa kwa siku hiyo.

Kwenye mlango wa kila kituo cha kumenyea pana ubao wenye saa za kupokea kahawa. Chini ya saa hizo pana nafasi tupu. Tumekwisha kuiomba Bodi, na twaomba tena hapa mbele ya wanachama wote, kwamba msimu huu iandikwe hapo tarehe ya malipo ya kwanza, na chini ya tarehe hiyo kiandikwe cheo cha mtu atakayejibu endapo itapita. Mavuno ya kwanza yaanza baada ya majuma sita. Rangi nyeupe iko ghalani, kopo mbili.