Tuangalie Vizuri Kabla ya Kutoa Jina

Maneno haya yalisemwa Kalunguta, kati ya Butembo na Beni, mbele ya familia za wahami, familia zinazowapokea na viongozi wa vijiji.



Leo sikuleta unga wala mahema. Nimeleta bahasha yenye picha za ndege. Najua wengine watasema: watu wanalia, na huyu anatuletea ndege! Mnisikilize kwanza, halafu mtaniambia kama nimewapotezea wakati.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Tunakaa duara, watu 8 au 10, wahami na wenyeji wakiwa wamechanganyika. Picha inapita mkono kwa mkono. Hakuna ruhusa ya kutaja jina la ndege mpaka kila mmoja ataje alama moja anayoiona: mdomo ukoje, miguu ni mirefu au mifupi, mkia umekaa namna gani. Rangi tunaiacha mwisho, kwa sababu jua na kivuli hubadilisha rangi katika picha. Kisha yanakuja majina: kwa Kinande, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote iliyo katika duara. Mmoja anayaandika yote nyuma ya picha. Hakuna zawadi. Na anayesema "sijui", tunamshukuru.

Mtauliza: kwa nini picha, wakati ndege wenyewe wako porini? Mnajua jibu. Njia za mashamba na msitu si salama, na mtu anayezunguka akipiga picha kwa simu anaweza kudhaniwa mpelelezi. Ndiyo maana tunatumia picha zilizochapishwa, tunakaa mahali ambapo chifu anajua, na hatupigi picha ya watu, ya kambi wala ya kizuizi cha askari.

Sasa tujaribu.

Picha ya kwanza: mweusi, shingo na kifua vyeupe. Mmecheka, kwa sababu hata mtoto anamjua. Ni kunguru.

Ya pili: miguu mirefu, na kichwani taji la manyoya ya rangi ya dhahabu. Ni korongo mwenye taji. Wenye jamaa Uganda wamemwona kwenye bendera ya nchi ile. Mahali pengi anapungua, maana mabwawa anamotaga yanageuzwa mashamba, na makinda yake yanakamatwa.

Ya tatu ina ndege wawili. Mmoja ni wa manjano na kichwa cheusi, mwingine amefifia kama majani makavu. Wengi husema hawa ni wa aina mbili. Angalieni midomo: yote ni minene, yenye ncha. Ni mume na mke wa ndege wale wanaosuka viota kwenye miti ya ngazi. Rangi ilitudanganya, mdomo ukasema kweli.

Ya nne ndiyo iliyonifanya nije. Ni tausi wa Kongo, ndege wa msitu wetu, ambaye hapatikani porini katika nchi nyingine yoyote. Mwaka 1913, huko Avakubi, kando ya mto Ituri, mtaalamu Mmarekani James Chapin aliona unyoya katika kofia ya mwenyeji. Hakuweza kujua ni wa ndege gani. Hakubuni jina. Aliutunza unyoya ule zaidi ya miaka 20. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa pembeni. Kibao chao kilisema ni tausi wachanga wa India. Chapin akaangalia manyoya, akatambua unyoya wake. Ndege wa Kongo alikuwa amekaa miaka mingi chini ya jina la mgeni, kwa sababu aliyeandika kibao hakuangalia vizuri, wala hakuuliza watu wa msitu, waliokuwa wakivaa manyoya yake.

Ndugu zangu, nani hapa hajawahi kubandikwa kibao kisicho chake? Tangu mwaka 2014, mauaji katika eneo la Beni yamehamisha familia nyingi. Mhami akifika usiku bila karatasi, uvumi unamwita muasi. Mwenyeji asiye na shamba la kugawa anaitwa mchoyo. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, tuliona hapa hapa jinsi uvumi unavyoweza kumfanya mgonjwa afichwe, na muuguzi aitwe adui. Kibao kibaya juu ya ndege kilichelewesha elimu tu. Juu ya mtu, kinaweza kuua.

Sisemi tunyamaze tukiona hatari. Mkiona jambo, mpelekeeni kiongozi habari: mmeona nini, wapi, saa ngapi, watu wangapi. Hizo ni alama. Lakini "ni wa kabila fulani" si alama. Hilo ni jina la haraka. Na ninyi viongozi, mkiletewa jina, ulizeni alama.

Kuna faida nyingine. Mzee aliyetoka upande wa Oicha au Eringeti hapa anajulikana kwa kupanga mstari wa msaada. Lakini ikipita picha ya ndege wa msituni, yeye ndiye anayeiga sauti yake, maana picha haina sauti, na watoto wa wenyeji wanamsikiliza. Siku hiyo yeye ni mwalimu.

Mchezo huu hautasimamisha risasi. Tusidanganyane. Lakini kesho mgeni akifika kijijini, nataka awepo mtu mmoja wa kusema: "Ngojeni, bado hatujamwangalia vizuri."

Bahasha naiacha kwa chifu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni jina gani tumepewa, sisi wahami au sisi wenyeji, ambalo si letu?
2. Uvumi ukifika kwetu, nani anauliza alama?
3. Tutakaa wapi, na siku gani, ili wote waweze kuja bila hofu?