Dawa za Shambani na Saratani ya Damu



Mkulima aumwaye na nyoka akilima hujulikana mara moja kuwa ameumizwa na kazi. Lakini mkulima apatwaye na saratani ya damu miaka 20 baada ya kubeba bomba la dawa huambiwa tu kuwa ni mapenzi ya Mungu.

Nchini Ufaransa hali hiyo imebadilika. Mwaka 2015 Serikali iliingiza saratani ya matezi iitwayo limfoma isiyo ya Hodgkin katika orodha ya magonjwa ya kazi za kilimo yatokanayo na dawa. Mwaka 2019 zikaongezwa saratani ya uboho iitwayo mieloma na aina moja ya lukemia sugu. Mgonjwa aliyetimiza masharti ya orodha hiyo hachukuliwi tena kama mwombaji wa huruma. Fidia ni haki yake.

Sayansi nayo imesema, ingawa si kwa sauti moja. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba lindane husababisha limfoma kwa binadamu. DDT na glyphosate ziliwekwa katika kundi la zinazoelekea kusababisha saratani. Hata hivyo, uchunguzi wa wanyunyizaji zaidi ya 50,000 wa Iowa na North Carolina, ulioanza mwaka 1993, ulitoa taarifa mwaka 2018 kwamba glyphosate haikuonekana kuongeza limfoma. Ni dhahiri basi kwamba dawa zote si sawa, na kwamba aina, wingi na muda ndivyo vipimo vya hatari. Wanyunyizaji walio wengi hawatapata saratani. Lakini hiyo si ruhusa ya uzembe.

Sumu hupita zaidi katika ngozi, hasa wakati wa kuchanganya. Kwa hiyo bwana shamba hana budi kufundisha matumizi ya mipira ya mikono kabla ya kufundisha vipimo. Mwalimu awaonye wanafunzi kwamba kopo la dawa halitekewi maji kamwe.

La mwisho lawahusu waganga. Neno "mkulima" katika cheti cha mgonjwa halitoshi. Iandikwe alinyunyiza dawa gani na kwa miaka mingapi. Ugonjwa usioandikwa chanzo chake hauhesabiwi, na usiohesabiwa haukingwi wala haulipwi fidia.