Mchezaji Anayekabiliwa na Adhabu ya Dawa Zilizokatazwa: Wajibu wa Klabu Kabla na Baada ya Hukumu

Mada kwa semina ya viongozi, makocha na waganga wa klabu za mpira wa miguu, Kalemie

Mpira wa miguu huchezwa na timu, lakini kanuni za dawa zilizokatazwa humhukumu mtu mmoja mmoja, na katika pengo hilo ndimo linamozaliwa swali ambalo viongozi wa klabu huulizana pindi majibu ya maabara yanapofika: mchezaji abaki au aondoke? Mada hii inashikilia kwamba swali hilo, likiulizwa kwa mkato namna hiyo, huchanganya mambo matatu ambayo hayana budi kutenganishwa, yaani haki ya kucheza, mkataba wa kazi na matunzo ya mtu. Katika jambo la kwanza klabu haina hiari yoyote. Katika la pili ina hiari yenye mipaka. Katika la tatu ina wajibu. Inashikilia pia kwamba klabu za mji kama Kalemie, ambako daktari wa timu ni nadra, zinapaswa kumbakiza mchezaji kwenye mkataba hadi uamuzi wa mwisho utolewe, na mara nyingi hata baada ya hapo, kwa kuwa sehemu ya kosa aghalabu huwa imeanzia ndani ya klabu yenyewe.

Kanuni na mipaka yake

Shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, linalojulikana kwa kifupi WADA, liliundwa mwaka 1999 na makao yake yako Montreal, Kanada. Kila mwaka hutoa orodha ya dutu na mbinu zilizokatazwa, na FIFA huifuata orodha hiyo katika mashindano yote yaliyo chini yake. Msingi wa kanuni ni wajibu usiotegemea nia, maana yake ni kwamba mchezaji huwajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, awe alikusudia au alidanganywa. Suala la nia huja baadaye, ukubwa wa adhabu unapopimwa. Mkojo hugawanywa katika chupa mbili, A na B, na chupa A ikionyesha dutu iliyokatazwa mchezaji ana haki ya kuomba chupa B nayo ifunguliwe, ingawa gharama ya kazi hiyo mara nyingi humwangukia yeye. Kwa dutu kali, mfano homoni za kujenga misuli, mchezaji husimamishwa mara moja kabla hata shauri halijasikilizwa.

Wako makocha wanaodhani kwamba aliyesimamishwa anaweza angalau kuendelea kujifua na wenzake, na hapo klabu nyingi zimejiponza bila kujua. Kanuni zinamzuia kushiriki mechi na pia mazoezi ya timu, na mlango hufunguliwa tu katika miezi 2 ya mwisho ya adhabu au robo yake ya mwisho, kwa kutazama kipindi kilicho kifupi zaidi. Akikiuka katazo hilo wakati wa adhabu, anaweza kuongezewa adhabu nyingine inayofikia urefu wa ile ya kwanza, kwa hiyo kocha anayemwita uwanjani kwa huruma humwangamiza. Hofu ya viongozi kwamba timu nzima itanyang'anywa ushindi nayo inahitaji kupunguzwa: kwa kawaida timu yenyewe huadhibiwa pale wachezaji wake zaidi ya wawili wanapopatikana na makosa katika kipindi cha mashindano yaleyale.

Kuhusu mkataba, taratibu za FIFA zinasema kwamba mkataba kati ya mchezaji wa kulipwa na klabu huisha kwa muda wake kutimia, kwa makubaliano ya pande mbili, au kwa sababu ya haki, yaani kosa zito kiasi kwamba upande mwingine hauwezi kutarajiwa kuendelea na uhusiano huo. Kesi inayotajwa zaidi ni ya Adrian Mutu, mshambuliaji wa Rumania, ambaye Chelsea ilimfukuza Oktoba 2004 baada ya kukutwa na kokeini. Chama cha mpira cha Uingereza kilimfungia miezi 7, lakini kesi ya mkataba ilidumu miaka mingi: FIFA iliamuru mwaka 2008 ailipe Chelsea zaidi ya euro milioni 17, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ya Lausanne ikaithibitisha amri hiyo mwaka 2009, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu nayo ikamkatalia madai yake mwaka 2018. Kwa hiyo klabu inayofukuza inaweza kushinda mahakamani. Hata hivyo, ushindi wa aina hiyo unahitaji mawakili, fedha na subira ambavyo klabu ya jimbo haina, na mada hii haioni fahari yoyote katika klabu tajiri kumwandama kijana kwa deni linalozidi alichowahi kukishika.

Kesi zilizo karibu na ziwa

Saido Berahino alizaliwa Bujumbura mwaka 1993, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa lilelile ambalo Kalemie inalitazama, akampoteza baba katika vita vya Burundi, kisha akafika Uingereza akiwa mtoto mkimbizi. Msimu wa 2014/15 aliifungia West Bromwich Albion mabao 14 ya ligi. Mwaka 2016 alipimwa nje ya siku ya mechi, akakutwa na dawa ya kulevya ya starehe, akafungiwa wiki 8. Umma ulikuja kulijua jambo hilo mwaka 2017, baada ya yeye kuuzwa kwa Stoke City mwezi Januari. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba kinywaji chake kilitiwa dawa hiyo bila yeye kujua. Adhabu yenyewe ilikuwa fupi, lakini bao lake la kwanza kwa Stoke halikupatikana hadi Agosti 2018, na mwaka 2019 klabu hiyo ikauvunja mkataba wake kwa mambo mengine. Si haki kudai kwamba wiki 8 ndizo zilizomharibia kazi, kwa sababu mivutano yake na West Bromwich ilikuwa imeanza kabla. Kinachoonekana ni kwamba muda wa adhabu na muda wa kupona ni vitu viwili, na klabu inayohesabu wiki za adhabu pekee humpokea mchezaji ambaye karatasi zake zimekamilika ilhali yeye mwenyewe bado. Hata hivyo mwaka 2019 aliivaa jezi ya Burundi nchini Misri, katika fainali za kwanza za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa nchi hiyo.

Kesi ya pili inawagusa wapenzi wa mpira wa Katanga ya zamani moja kwa moja. TP Mazembe ilipotwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2015, kwa kuifunga USM Alger 2-1 mjini Algiers na 2-0 Lubumbashi, wapinzani wake walicheza bila Youcef Belaïli, ambaye mwezi Agosti mwaka huohuo alikuwa amepimwa baada ya mechi ya mashindano hayohayo na kukutwa na kokeini. Wengi waliamini amekwisha. Alirudi uwanjani mwaka 2017, akatwaa ubingwa wa Afrika mara mbili akiwa na Espérance ya Tunis, mwaka 2018 na 2019, na mwaka huo wa 2019 akawa bingwa wa Mataifa ya Afrika na Algeria. Matunda ya kurudi kwake yalivunwa na klabu iliyokubali kumpa nafasi.

Kipa wa Kamerun André Onana anafundisha jambo jingine. Februari 2021 UEFA ilimfungia miezi 12 kwa furosemide, dawa ya kuongeza mkojo ambayo huhesabiwa kuwa ya kuficha dutu nyingine, baada ya kumeza kidonge cha mkewe akidhani ni chake cha maumivu ya kichwa. UEFA yenyewe ilikubali kwamba hakukusudia udanganyifu, na mahakama ya Lausanne ikaipunguza adhabu hadi miezi 9. Ajax ilisimama naye muda wote huo. Lazima isemwe wazi kwamba haikulipwa kwa wema wake, kwa kuwa mwaka 2022 mkataba uliisha na Onana akaenda Inter Milan bure. Anayetetea kumbakiza mchezaji kwa hoja ya faida pekee hana budi kuukubali mfano huu pia.

Mamadou Sakho wa Liverpool ndiye sababu kubwa ya kutokimbilia kufukuza. Aprili 2016 UEFA ilimsimamisha siku 30 kwa dutu iitwayo higenamine, akaikosa fainali ya Ligi ya Ulaya na kisha Kombe la Ulaya lililochezwa nchini kwao Ufaransa. Mwezi Julai shauri likafutwa kwa kuwa haikuthibitika kwamba dutu hiyo ilikuwa imekatazwa, na mwaka 2020 WADA ikamwomba radhi na kumlipa fidia. Klabu ambayo ingemfukuza Mei ingekuwa imemfukuza mtu asiye na kosa.

Kalemie: vidonge visivyo na jina

Katika mji huu hatari kubwa haiko kwenye kokeini. Mchezaji aliyeteguka kifundo siku ya Ijumaa, naye ana mechi Jumapili, huenda dukani akahesabiwa vidonge vilivyotolewa kwenye kopo kubwa na kufungwa katika kipande cha karatasi, bila jina la dawa wala kipimo, au huchomwa sindano na mtu wa timu kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo. Mara nyingi dawa hiyo huwa ya jamii ya kotikosteroidi, kama prednisolone au dexamethasone, ambazo zikimezwa au zikichomwa wakati wa mashindano ni marufuku. Tramadol, kidonge cha maumivu kinachopendwa na vijana kwa sababu kinaondoa uchovu, kiliingizwa katika marufuku ya siku za mashindano kuanzia Januari 1, 2024. Furosemide iliyomponza Onana ni dawa ya kawaida ya shinikizo la damu. Kwa upande mwingine, dawa za kawaida za malaria, pamoja na paracetamol, ibuprofen na diclofenac, hazimo kwenye orodha, na ni vema makocha wakalijua hilo ili mchezaji mwenye homa asiogope kujitibu. Anayehitaji kweli dawa iliyokatazwa anaweza kuomba ruhusa ya matumizi ya tiba, ambayo ni kibali kinachotolewa kwa ushahidi wa daktari.

Baadhi ya viongozi hujibu kwamba katika ligi ya jimbo hakuna anayepimwa. Ni kweli kwamba vipimo hufanywa zaidi kwenye mashindano ya CAF na FIFA, lakini kijana anayezoea sindano ya Jumapili hapa huondoka na mazoea hayo akisajiliwa Lubumbashi, na siku atakapopimwa ataulizwa yeye peke yake.

Bangi inastahili maneno yake. Tangu mwaka 2021 kanuni za WADA zinaitaja pamoja na kokeini, heroini na dawa iitwayo ekstasi kuwa dutu za ulevi wa kijamii: mchezaji akithibitisha kwamba aliitumia nje ya mashindano na bila lengo la kuongeza uwezo uwanjani, adhabu ni miezi 3, na inaweza kushuka hadi mwezi 1 akikamilisha mpango wa tiba. Ikiwa chombo kikali kuliko vyote kinaona mwezi 1 na tiba vinatosha, klabu inayomfukuza kijana huyohuyo moja kwa moja inajiweka juu ya sheria bila sababu.

Inapendekezwa basi kwamba mkataba wa kila mchezaji uwe na kifungu kinachosema kwamba akisimamishwa mkataba utaendelea, malipo ya mechi yatakoma, posho ya kula na nyumba itabaki, na klabu itagharamia kufunguliwa kwa chupa B kisha irejeshewe kidogokidogo iwapo atapatikana na hatia. Juventus ilifanya jambo linalofanana na hilo kwa kiungo wa Ufaransa Paul Pogba, aliyebaki na mshahara wa kiwango cha chini wakati shauri lake la dawa zilizokatazwa likiendelea, ingawa Novemba 2024 pande mbili zilikubaliana kuachana. Inapendekezwa pia kila klabu iwe na daftari la dawa, linamoandikwa jina la dawa, siku na aliyeitoa, kwa kuwa bila daftari hilo mchezaji hana ushahidi wa kujitetea.

Hoja ya wanaotaka afukuzwe ina nguvu mahali pamoja, nayo ni pale shauri linapokwisha na kuthibitika kwamba mchezaji alitumia homoni kwa makusudi ili kuwapita wenzake. Huyo amewaibia pia wachezaji wa benchi lake mwenyewe, na klabu ikivunja mkataba haimdhulumu. Aliyethibitika kusambaza dawa, au kumpa kijana wa chini ya miaka 18, hata klabu ikitaka haiwezi kumtetea, maana adhabu yake huanzia miaka 4 na kufika maisha. Kanuni hiyo haimhusu mchezaji pekee: inamfunga vilevile kocha, mganga na kiongozi, na shauri la mchezaji yeyote wa Kalemie linapaswa kuanza kwa kulifungua daftari na kumtafuta aliyeshika sindano.