Kuku Anapokataa Kutoka Kwenye Kiota

Leo nazungumza na wewe mwenye mtetea mdogo, wale kuku wafupi, ambaye tangu juzi hatoki kwenye kiota. Ukimsogelea anavimba manyoya na kukudonoa. Si mgonjwa, wala hajarogwa. Anataka kuatamia, na akianza hivyo anaacha kutaga.

Uamuzi ni wako, na si mdogo kwa nyumba ambayo mgao unaisha kabla ya mwezi. Vifaranga, au mayai ya kuwapa watoto? Kwa kuku mmoja hupati vyote kwa wakati mmoja.

Ukitaka vifaranga, kwanza jiulize kama kuna jogoo. Bila jogoo mtetea anataga vizuri tu, lakini mayai hayo hayataanguliwa hata akiyalalia mwezi mzima. Kisha usimjazie. Kuku mdogo anafunika mayai yake 8 hivi. Yawe hayajapita siku 10 tangu yatagwe, uyaweke yote kwa pamoja, usiku, na kila moja ulitie alama ya mkaa. Kuku mwingine akija kutaga humo, yai lake utalijua na utalitoa. Maji na chakula viwe karibu, maana anatoka mara moja tu kwa siku, dakika chache, kisha anarudi. Usiku wa siku ya 7, mulika mayai kwa tochi: lenye mishipa kama mizizi lina uhai, lililo tupu litoe. Vifaranga hutoka siku ya 21. Kwa kuku hawa wafupi wakati mwingine hutangulia kidogo.

Ukitaka mayai, usimtumbukize kwenye maji kama wengi wanavyofanya. Ni kumtesa bure. Mfungie siku 3 au 4 katika kizimba chenye sakafu ya fito, upepo umpite chini ya tumbo, bila majani ya kulalia, ila maji na chakula asikose. Hata hivyo usitegemee yai kesho yake. Subiri wiki kadhaa.

Na kama jirani ana mayai ya kuku wakubwa lakini hana wa kuyaatamia, mkopeshe mtetea wako. Mwekee mayai 5 tu, ni makubwa kwake. Ila mgawane kwa maneno vifaranga vikiwa bado ndani ya yai, mbele ya shahidi. Vikishatoka, kila mtu huhesabu vyake.