Usiku Usioonekana Kitu

(Mazungumzo ya redio katika saa ya ibada, yamechapwa kwa ajili ya wasomaji wetu)

Leo nataka niwape habari za mchungaji mmoja wa Australia aliyekuwa na kazi mbili, moja ya mchana na moja ya usiku. Jina lake ni Robert Evans. Alizaliwa mwaka 1937, akafariki mwaka 2022. Mchana alikuwa mchungaji katika Uniting Church, kanisa lililozaliwa kule Australia mwaka 1977 baada ya madhehebu matatu kuungana. Alihubiri na kutembelea watu kama wachungaji wenu wafanyavyo. Aliandika pia vitabu vya historia juu ya uamsho wa kikristo katika nchi yake, jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki, ambao baba zetu na mama zetu waliguswa na uamsho, tunalielewa bila kufafanuliwa sana. Lakini usiku, mbingu zikiwa safi, alitoka nje na darubini yake kutafuta nyota zinazokufa.

Naam, nyota nazo hufa. Nyota iliyo kubwa kupita jua letu mara nane au zaidi huwaka kwa mamilioni ya miaka, na ndani yake vitu vyepesi huunganishwa kuwa vizito, mpaka kitovu chake kigeuke kuwa chuma. Sasa chuma hakifai kuwa kuni. Kukiunganisha zaidi hakutoi joto. Hapo kitovu hushindwa kuubeba uzito wake, huporomoka kwa muda usiotimia sekunde moja, na nyota yote hupasuka. Iko na namna ya pili: nyota ndogo nzito iliyokwisha kuzimika hupokea vitu kutoka kwa nyota mwenzake, hata siku moja ikalipuka yote. Wataalamu huuita mlipuko wa namna hii supanova. Kwa majuma machache nyota hiyo moja yaweza kung'aa karibu sawa na galaksi nzima, yaani jamii ya nyota maelfu ya mamilioni. Chuma kilicho katika jembe lako, na kile kilicho katika damu yako, kilitoka katika nyota zilizopasuka hivyo kabla dunia yetu haijawako.

Katika galaksi moja jambo hili hutokea mara chache tu katika miaka mia. Katika galaksi yetu, ile tunayoiona usiku kama utepe mweupe unaokatiza mbingu, mara ya mwisho watu kuona kwa macho matupu nyota ikipasuka ilikuwa mwaka 1604. Kwa hiyo mtu akiketi kuitazama galaksi moja tu, huenda akazeeka na kuzikwa asione kitu. Evans alizitazama nyingi. Galaksi zaidi ya elfu moja alizijua kwa moyo: sura ya kila moja, na nyota ndogo ndogo zilizokaa mbele yake na kandokando yake. Alielekeza darubini, akatazama kitambo kidogo, akaona kwamba hakuna mgeni, akaenda kwenye nyingine.

Wasikilizaji wetu wafugaji wataelewa jambo hili upesi kuliko maprofesa. Ng'ombe mia mbili wakirudi bomani jioni, mzee anayesimama langoni hahesabu. Anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mwendo. Ng'ombe wa jirani akiwa amejichanganya na kundi, mzee humwona kabla hajapita lango. Lugha yetu imefanya vema kutumia neno moja, mchungaji, kwa mtu wa boma na kwa mtu wa kanisa.

Darubini ya kwanza ya maana aliyokuwa nayo ilikuwa na kioo chenye upana wa inchi 10, kama sahani ya kulia chakula. Aliiunganisha karibu mwaka 1968. Supanova yake ya kwanza kutambuliwa rasmi aliipata mwaka 1981. Piga hesabu hiyo taratibu, ndugu msikilizaji. Tangu kuwa na chombo mpaka kupata kitu cha kuonyesha watu, ilipita yapata miaka 13. Watoto waliobatizwa mwaka alipoiunganisha darubini ile walikuwa wamekwisha kuingia darasa la kipaimara.

Tangu hapo mambo yalifunguka. Mwaka 1983 aliona nyota imepasuka katika galaksi iitwayo M83, ambayo nuru yake husafiri kama miaka milioni 15 kabla ya kutufikia. Mwaka 1984 akaona nyingine katika galaksi nyingine. (Najua wako watakaotikisa kichwa wakisikia hesabu ya miaka hiyo. Mimi sikupewa dakika hizi za redio ili nigombane nao. Nasema tu kwamba Evans aliamini Neno la Mungu na akaitazama nuru hiyo pia, wala hakuona sababu ya kukiacha kimoja kwa ajili ya kingine.) Nyota hizo mbili zilikuwa na faida kubwa. Nuru ya supanova hubadilika siku hata siku, na anayeiona mapema huwapa wataalamu nafasi ya kuipima tangu inapopanda. Walipozipima hizo mbili, waliona kwamba hazifanani na jamii zilizojulikana. Ndipo wakatambua jamii mpya ya supanova, na hizo mbili za Evans zikawa vielelezo vyake. Kwa jumla alipata supanova 42 kwa jicho lake kwenye darubini.

Wala msidhani kwamba alikurupuka kila alipoona kinukta kigeni. Kinukta kinaweza kuwa mwamba mdogo unaozunguka jua letu, ukapita tu mbele ya galaksi ile kama mtu apitavyo mbele ya dirisha. Kinaweza kuwa nyota ya karibu ambayo hung'aa na kufifia kwa kawaida yake. Ilimpasa mtafutaji atazame tena, alinganishe na picha, amwombe mwenzake wa mahali pengine naye atazame, ndipo habari ipelekwe kwa wenye mamlaka ya kuitangaza ulimwenguni kote. Mtu mmoja akitangaza upesi jambo lisilokuwapo, darubini kubwa za nchi mbalimbali huelekezwa mahali pasipo na kitu. Laiti baadhi yetu tunaosimama madhabahuni na kusema tumeona hivi na hivi tungekuwa na desturi hiyo ya kumwomba mwenzetu naye atazame kwanza.

Sasa nije kwenye barua. Mwinjilisti mmoja, ambaye sitataja jina lake wala mahali anapotumika, aliniandikia kwamba amekaa miaka sita katika nchi kavu ambako nyumba ziko mbali mbali. Katika miaka sita wamebatizwa watu watatu, na mmoja kati yao amehamia mjini. Kila robo ya mwaka anapeleka taarifa parokiani. Karatasi ina mahali pa kuandika idadi ya waliobatizwa, ya waliofunga ndoa, na ya fedha. Yeye huandika sifuri, sifuri, na shilingi chache. Anasema mkono wake huona haya. Anauliza kama si afadhali arudi nyumbani akalime.

Nilipoisoma barua hiyo nilimkumbuka Evans, na si zile supanova 42. Nilikumbuka daftari lake. Evans aliandika kila galaksi aliyoitazama, na usiku wa kuitazama, hata kama hakuona kitu. Mtu mwingine angeona huko ni kupoteza wino. Lakini wanajimu wawili wa Kanada, Sidney van den Bergh na Robert McClure, walikuwa wanataka kujua nyota hupasuka mara ngapi katika galaksi kwa muda wa karne. Pamoja na Evans walilifanyia kazi daftari lile, na mwaka 1987 na tena mwaka 1989 wakatoa hesabu yao. Wasingeweza kuifanya kwa supanova peke yake.

Fikirini muuguzi wa zahanati. Akiandika watoto waliougua surua tu, nasi tukamuuliza ugonjwa umeingia kwa kiasi gani katika kata ile, hana jibu. Ni lazima ajue pia watoto wangapi aliowapima akawakuta wazima. Kumi waliougua katika mia ni jambo moja, kumi katika elfu ni jambo lingine kabisa. Ndivyo ilivyokuwa kwa Evans. Alipoandika kwamba usiku fulani ameitazama galaksi fulani na hakuna mgeni, alikuwa ameandika jambo la kweli juu ya mbingu. Maelfu ya safari alizotazama bure, kama watu wasemavyo, ndizo zilizozipa zile chache uzito wake. Lakini ziliweza kuingia katika hesabu kwa sababu moja tu: alikuwa ametazama kweli, na alikuwa ameandika kweli. Usiku aliolala hauhesabiwi.

Kwa hiyo, ndugu mwinjilisti, sina ruhusa ya kukuahidi kwamba mwaka wa saba watakuja kwa makundi. Wako waliokuambia hivyo, nami naona walikupa faraja ya bei rahisi. Ninachokuomba ni hiki. Geuza ile karatasi, na nyuma yake uandike nyumba ulizobisha hodi. Andika zile ulizokaribishwa ndani, na zile ambazo mlango haukufunguliwa. Andika mzee uliyekaa naye chini ya mti akazungumza habari za mbuzi tu mpaka jua likatua. Andika tarehe. Usiongeze hata nyumba moja ambayo hukuifikia.

Na ninyi wazee wa kanisa mnaopokea karatasi hizo parokiani, nina neno kwenu pia. Mkiuliza idadi ya waliobatizwa peke yake, mnamfundisha mtumishi kufanya mojawapo ya mambo mawili: ama kudanganya, ama kukata tamaa. Wekeni nafasi nyingine katika karatasi yenu. Haina gharama, ni mstari mmoja tu wa wino.

Fungueni Zaburi ya 147 jioni hii. Mtaona kwamba aya ya tatu inanena habari za waliovunjika moyo na majeraha yao, na aya inayoifuata mara moja inanena habari za hesabu ya nyota. Nilisoma zaburi hiyo miaka mingi nisijiulize kwa nini mambo hayo mawili yamekaa jirani.

Huenda kijana mmoja atasema kwamba kazi ya Evans imepitwa na wakati. Ni kweli kwamba siku hizi mashine hupiga picha za mbingu kila usiku na kuzilinganisha zenyewe, na supanova zinazotangazwa kwa mwaka mmoja hufika maelfu. Wako hata hivyo watu binafsi wanaoendelea. Tarehe 19 Mei 2023, Koichi Itagaki wa Japani, ambaye amepata supanova zaidi ya mia moja kwa kamera zake, alizitangulia mashine zote akaitambua moja katika galaksi ya M101, umbali wa miaka kama milioni 21 ya mwendo wa nuru. Naye Evans, mashine zilipokwisha kuenea, aliendelea kutoka nje, na hata baada ya mwaka 2000 alipata chache zilizokuwa zimezipita mashine.

Liko na lile la mwaka 1987, ambalo hata sisi hapa Kenya tungaliweza kuliona bila darubini. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari, katika kituo cha darubini cha Las Campanas kule Chile, Oscar Duhalde, mfanyakazi wa kuendesha darubini, alitoka nje akainua macho. Mahali fulani katika mbingu ya kusini aliona nyota ambayo hakuwa ameizoea. Usiku uleule kijana wa Kanada, Ian Shelton, aliiona katika picha aliyopiga palepale kituoni. Mahali penyewe huitwa Wingu Kubwa la Magellan, galaksi iliyo jirani sana na yetu, umbali wa miaka yapata 160,000 ya mwendo wa nuru. Ilikuwa supanova ya kwanza kuonekana kwa macho matupu tangu ile ya 1604. Kwa majuma kadhaa ilikaa pale, chini upande wa kusini, juu ya mashamba yetu na mabati ya makanisa yetu, na wengi tulikuwa ndani tumefunga milango.

Wingu lile lingalipo. Mwezi wa Januari au Februari, kama saa mbili au saa tatu za usiku, mahali pasipo na taa za umeme na mwezi haupo, simama uelekee kusini. Nyoosha mkono, upange ngumi mbili moja juu ya nyingine kutoka pale mbingu inapogusana na ardhi. Karibu na hapo utaona kama kipande kidogo cha wingu jeupe hafifu, lakini hakichukuliwi na upepo. Mkumbuke mwinjilisti wetu katika maombi mkiwa hapo nje, na msisahau kubeba sweta, hasa ninyi wa Limuru na Kinangop.

Mpaka juma lijalo, wakati kama huu, Mungu akipenda. Kwaherini.