Tuijue Seneti Kabla ya Kuilaumu

(Hotuba mbele ya wanaharakati na waumini wa Migori na Homa Bay)

 

Tumeombwa tueleze jinsi Seneti inavyofanya kazi yake siku kwa siku. Somo hili si tamu. Lakini tunalileta kwa sababu ya bahasha moja iliyorudi. Waumini wa kanisa moja kando ya barabara ya Rongo kwenda Homa Bay waliandikia Seneti barua juu ya zahanati yao, iliyokuwa na kuta na bati jipya lakini haina muuguzi wala dawa. Walikusanya mamia ya saini baada ya ibada, Jumapili tatu mfululizo. Barua ikarudi. Haikukataliwa kwa uovu wa mtu. Ilirudi kwa kuwa haikutimiza masharti ya sheria, na hakuna aliyekuwa amewaeleza masharti hayo. Sisi mawakili, tuliokuwa tukipita barabara ile ile kila wiki, hatukuwa tumewaeleza. Lawama hiyo tunaibeba.

Tuanze mbali kidogo. Kenya huru ilizaliwa na Bunge la nyumba mbili. Mwaka 1963, pamoja na Nyumba ya Wawakilishi, kulikuwa na Seneti ya wajumbe 41, Spika wake akiwa Timothy Chokwe wa Pwani. Seneti hiyo ilikuwa mlinzi wa majimbo na wa makabila madogo, na vifungu vizito vya Katiba havikuweza kubadilishwa bila idhini yake. Mlinzi huyo hakudumu. Chama cha KADU kilijivunja Novemba 1964 na kuingia KANU, vizingiti vya kubadilisha Katiba vikashushwa, na kufikia mwisho wa 1966 Seneti ilikuwa imeunganishwa na nyumba ile nyingine. Mwaka huo huo Jaramogi Oginga Odinga alitoka serikalini, na wabunge waliomfuata KPU, maseneta wakiwamo, wakalazimishwa kurudi kwa wapiga kura. Watu wa Nyanza Kusini, kama tulivyoitwa wakati huo, tunajua yaliyofuata. Ilikuwa rahisi zaidi kwa mkono mmoja kuiongoza nchi iliyobaki na nyumba moja, na tangu 1982 chama kimoja kwa amri ya sheria. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wengi tulidhani kazi imekwisha. Ilichukua miaka mingine karibu 19, hadi tarehe 27 Agosti 2010, kupata Katiba inayorudisha Seneti, safari hii ikisimama juu ya kaunti 47.

Kwa hiyo Seneti si zawadi ya mtu, na haifai kuachwa kuwa ukumbi wa kupumzikia wanasiasa walioshindwa kwingine. Maneno hayo si matusi. Tumeyasikia kwa masikio yetu sokoni Oyugis.

Sasa tuingie ndani. Maseneta ni 67, na Spika ni wa 68. Kati yao 47 wanachaguliwa, mmoja kwa kila kaunti. Wanawake 16 wanateuliwa na vyama kwa kadiri ya nguvu za vyama hivyo, kisha wawili wa vijana na wawili wa watu wenye ulemavu. Seneti hukutana Jumanne, Jumatano na Alhamisi saa nane na nusu alasiri, na kwa kawaida huahirisha kikao saa kumi na mbili na nusu jioni. Jumatano huwa na kikao cha asubuhi pia. Siwa huingizwa, Spika husoma sala, kisha huangaliwa kama akidi imetimia. Akidi ni maseneta 15 tu. Wasipotimia, kengele hulia ili waliotawanyika kwenye vyumba vya kamati na mikahawani waje. Mara ngapi kengele hiyo imelia kwa ajili ya fedha za hospitali zetu, Hansadi inaweza kuwaambia, na Hansadi ni wazi kwa kila mtu kuisoma.

Shughuli hufuata orodha inayochapishwa kabla ya kikao. Kwanza taarifa za Spika na ujumbe kutoka Bunge la Taifa, kisha ardhilhali za wananchi, kisha nyaraka zinazowekwa mezani, ilani za hoja, na kauli. Hapo kwenye kauli ndipo seneta anaposimama kuuliza: kwa nini barabara fulani imesimama, wavuvi wetu wanafanyiwa nini karibu na kisiwa cha Migingo, wachimbaji wa dhahabu wa Macalder wanalindwaje dhidi ya zebaki. Swali hilo hupelekwa kwa kamati husika, na kamati inatakiwa ilete jibu. Baada ya hapo huja Miswada na hoja. Angalieni mpangilio huo, ndugu zetu: ardhilhali ya mwananchi husomwa kabla ya Mswada wa mkubwa yeyote. Walioandika kanuni waliweka sauti yenu karibu na mlango.

Neno moja juu ya lugha. Katiba inatambua Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Kanuni zinadai kwamba aliyeanza hotuba kwa Kiswahili aimalize kwa Kiswahili. Wako waheshimiwa waliojuta katikati ya sentensi. Dholuo na Kikuria havimo, lakini hakuna anayelazimika kujua Kiingereza ili asikilizwe huko.

Jambo ambalo watu hulielewa kidogo zaidi ni kura. Katika mambo yasiyohusu kaunti, kila seneta ana kura yake. Katika mambo yanayohusu kaunti, na hayo ndiyo mengi, kura ni ya kaunti na si ya mtu. Maseneta wote walioandikishwa kupiga kura katika kaunti moja ni ujumbe mmoja, na kiongozi wake ni seneta aliyechaguliwa. Yeye hushauriana na wenzake, kisha hutoa kura moja. Jambo hupita likiungwa mkono na kaunti 24. Migori yenye watu wengi na Lamu yenye watu wachache zina uzito sawa.

Matokeo yake ni mawili. La kwanza, mwanamke aliyeteuliwa anaweza kutoa hotuba bora kuliko zote, na jina lake lisiitwe wakati wa kuhesabu. Kwetu hiyo ni kasoro ya Katiba tunayoipenda, na tunaisema wazi. La pili, kiti cha seneta kikikaa kitupu, ni kaunti nzima inayonyamaza. Homa Bay ilijua hali hiyo kuanzia Novemba 2014, alipofariki Otieno Kajwang', hadi uchaguzi mdogo wa Februari 2015 uliompa kiti ndugu yake Moses. Migori nayo ilikaa hivyo kutoka Juni 2018, alipofariki Ben Oluoch, hadi Oktoba mwaka huo alipochaguliwa Ochilo Ayacko. Siku za msiba tulilia wapendwa wetu, kama ilivyo haki. Ni wachache waliouliza ni nini kilichokuwa kikiamuliwa Nairobi bila sisi.

Na yanayoamuliwa ni makubwa. Katiba inataka kaunti zipate pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Seneti ndiyo inayoweka, kila baada ya miaka mitano, msingi wa kugawa fungu hilo kati ya kaunti. Mwaka 2020 kazi hiyo ilikwama. Shilingi bilioni 316.5 zilikuwa zikisubiri, na maseneta hawakukubaliana kama idadi ya watu ihesabiwe zaidi, au ukubwa wa ardhi na umaskini. Kaunti kubwa za ukame ziliona zitapoteza mabilioni. Kikao baada ya kikao kiliahirishwa. Mwezi Agosti maseneta watatu walikamatwa na polisi wakati mjadala ukiendelea, na wenzao walisema bila woga kwamba hiyo ilikuwa njia ya kuwatisha. Ni Septemba ndipo ilipopatikana njia ambayo haikumpunguzia yeyote. Muda huo wote kaunti zilikuwa zikilia kwamba hazina mishahara wala dawa. Tulikuwa na jamaa wodini wakati huo, na tunakumbuka tukinunua glavu za hospitali dukani ng'ambo ya barabara.

Kuna pia ugomvi wa muda mrefu kati ya nyumba zenyewe. Maspika wawili wanapaswa kukubaliana kama Mswada unahusu kaunti. Unaohusu kaunti hauwezi kuwa sheria bila kupita Seneti. Mwaka 2013 Bunge la Taifa lilipeleka Mswada wa Ugavi wa Mapato kwa Rais bila kujali maoni ya Seneti. Maseneta wakaenda Mahakama ya Juu, na Novemba mwaka huo majaji wakasema Seneti ilikuwa na haki ya kushirikishwa. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 zilizopitishwa na nyumba moja peke yake, ingawa Mahakama ya Rufani baadaye ilibadilisha sehemu ya uamuzi huo. Nyumba zikitofautiana juu ya maneno ya Mswada, huundwa kamati ya upatanisho yenye idadi sawa kutoka kila upande, na ina siku 30. Wasipoafikiana, Mswada hufa.

Juu ya kuondoa viongozi madarakani hatutakaa sana, kwa maana hayo mnayatazama wenyewe kwenye televisheni. Oktoba 2024 nchi nzima ilikesha Seneti ikimhukumu Naibu wa Rais Rigathi Gachagua na kuthibitisha mashtaka matano kati ya 11. Kura ya namna hiyo huhitaji theluthi mbili ya maseneta wote, yaani 45. Magavana nao hufikishwa hapo baada ya theluthi mbili ya wajumbe wa bunge la kaunti kuwashtaki. Tunasema tu kwamba usiku wa namna hiyo viti vyote hujaa, na kengele ya akidi haina kazi.

Kazi inayotuhusu zaidi haina kamera. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu juu ya kila kaunti hupelekwa kwa kamati ya Seneti ya hesabu za umma za kaunti, na gavana huitwa ajibu: stakabadhi hii iko wapi, soko hili limelipiwa mara mbili kwa nini. Vikao hivyo, kwa Kifungu cha 118, ni vya wazi kwa mwananchi isipokuwa kwa sababu maalum. Ripoti zenyewe huchapishwa. Tunapendekeza kila kikundi cha haki na amani parokiani kiwe na nakala ya ripoti ya kaunti yake, na kitembee kukagua kama kisima kilichoandikwa mle kipo kweli. Mkaguzi aliyeko Nairobi hawezi kuijua njia ya Kaksingri au ya Ntimaru kama mnavyoijua ninyi.

Sasa turudi kwenye bahasha yetu. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, na sheria ya mwaka 2012 inaeleza namna. Ardhilhali iandikwe kwa mkono au kwa mashine, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kufutwafutwa wala kuongezwa maneno kati ya mistari. Ielekezwe kwa Seneti. Kila karatasi iwe na kichwa cha jambo lenyewe. Hapa ndipo ndugu zetu walipojikwaa, kwa kuwa kurasa za saini zilikuwa tupu juu, na karatasi ya saini isiyo na kichwa inaweza kubandikwa kwenye jambo lolote. Ieleze juhudi zilizofanywa kwanza, kwa mfano barua kwa idara ya afya ya kaunti, na kwamba jibu halikuridhisha au halikuja. Iseme kama jambo hilo liko mahakamani au haliko. Na mwishoni iwe na ombi lililo wazi. Barua ile ilisimulia taabu kwa kurasa nne, kwa maneno ya kutoa machozi, lakini haikusema mahali popote kwamba tunaomba Seneti ifanye jambo hili na lile. Kila anayeombea aandike jina, anwani na namba ya kitambulisho, aweke saini au dole gumba. Bibi asiyejua kuandika ana haki sawa na wakili.

Hupelekwa kwa Karani wa Seneti na wenyewe, au kwa mkono wa seneta. Ikisomwa, hukabidhiwa kamati, na kamati inapaswa kuwajibu kwa ripoti ndani ya siku 60. Hatuwadanganyi kwamba tarehe hiyo hutimizwa kila mara. Ikipita, andikeni tena mkitaja tarehe ya kwanza, na mhifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Ardhilhali ya zahanati imeandikwa upya. Ni kurasa mbili, na maombi yake ni matatu: muuguzi, dawa, na maelezo ya fedha za jengo zilivyotumika. Idara ya kaunti iliandikiwa miezi mitatu iliyopita na haijajibu. Muhuri wa kupokea barua hiyo tumeuambatisha. Karatasi za saini ziko meza ya nyuma kwa katibu, kila moja ikiwa na kichwa chake, pamoja na kidau cha wino kwa wanaotumia dole gumba. Tafadhali msisaini kwa niaba ya mume, mke au jirani ambaye hayupo hapa, na mwe na vitambulisho vyenu mkononi mnapofika mezani.