Ngao ya Sheria na Haki za Waja

Alhamdulillahi Rabbil-alamin, was-swalatu was-salamu ala Rasulillah. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, twamshukuru Mola aliyetukutanisha hapa Dubai katika mwezi huu mtukufu. Leo tutazame jambo linalowagusa wengi wetu wenye jamaa na mali nchini Kenya.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 32, yalinda uhuru wa dini. Ibara ya 24(4) nayo yaruhusu masharti ya usawa yalegezwe, kwa kadiri inavyohitajika, ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya Kadhi katika ndoa, talaka na mirathi. Katika kesi moja, mjane aliishika ibara hiyo kuwa ngao yake, akidai kuwa watoto waliozaliwa nje ya nikaha wasimrithi baba yao. Tarehe 30 Juni 2025 Mahakama ya Juu iliitupa rufaa yake, ikaamua kuwa ruhusa hiyo ina mipaka, na kwamba mtoto habaguliwi kwa ajili ya ndoa ya wazazi wake.

Wengi walihuzunika, kwani kauli ya wanazuoni walio wengi ni kuwa mtoto huyo humrithi mama yake, si baba. Kauli hiyo sisi hatuigeuzi. Lakini tujiulize: mashauri kama haya hufikaje mahakamani? Mara nyingi ni kwa sababu mwenye mali alinyamaza alipokuwa hai. Sharia haikumwacha mtoto huyo bila mlango: ipo hiba, na upo wasia kwa asiye mrithi, usiozidi thuluthi. Mtume (s.a.w.) alifundisha, kwa mapokezi ya Ibn Umar, kuwa Mwislamu mwenye cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Wahenga nao walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena Mtume alionya kuwa atakayepewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa hoja zake, amekatiwa kipande cha moto. Basi anayeitaja dini mbele ya jaji na aipime nia yake: ailinda dini, au ailinda mali? Ngao ya katiba haivuki kaburi.

Ndugu zetu, kabla ya Idi tuandike wasia, tuweke mashahidi, na jamaa wajue ulipo.

Mola atukubalie saumu zetu na atuepushe na dhuluma. Amin. Wabillahi tawfiq.